Mzee Tharsisi Alipolala Usingizi Motoni

Katika nyumba ya Mzee Tharsisi pale Kitahana waliishi watu wawili, mmoja ameokoka na mwingine bado, na kwa miaka mingi walikula sahani moja bila kugombana juu ya hilo. Aliyeokoka alikuwa Pelagia, mkewe, mama mwembamba wa kwaya aliyesali kabla ya kula, kabla ya kulala, na kabla ya kumwambia mumewe jambo lolote ambalo mumewe asingelipenda. Kwa hiyo Jumamosi ile Tharsisi alipomwona amesimama uani na sufuria mkononi, macho ameyafumba, alijua kuna habari inakuja.

Yeye alikuwa kwenye shimo lake la kuvundikia ndizi. Kazi yake ndiyo hiyo, na alijulikana nayo hadi Kibondo mjini. Shimo lilikuwa refu kumpita yeye mwenyewe, na kwanza aliliwashia moto ndani mpaka kuta zikashika joto. Halafu alizoa makaa yote, akatandika majani ya mgomba chini na pembeni, akapanga ndizi mbichi. Juu aliweka fito, juu ya fito majani, juu ya majani udongo. Akija kulifukua, harufu yake iliwafanya wapita njia wasahau walikokuwa wakienda. Ndizi zile zikikamuliwa hutoa maji matamu ambayo Waha na Warundi huyaita mutobe. Mutobe ukinywewa mapema ni kinywaji cha walokole. Ukicheleweshwa huchacha na kuwa pombe. Tharsisi alipenda kusema kwamba yeye hutengeneza kitu kimoja tu, dhambi ni ya wanaochelewa.

Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kuzoa makaa na kutandika majani. Zilibaki ndizi.

Pelagia alifumbua macho. "Baba Claude, nimewaazima watu shimo."

"Watu gani?"

"Wa mkutano wa injili."

"Wana ndizi?"

"Hawana ndizi. Wana igizo."

Tharsisi alijipangusa majivu usoni. "Na shimo langu litakuwa nani katika hilo igizo?"

Pelagia aliangalia ndani ya sufuria kana kwamba jibu limo humo. "Jehanamu," alisema.

Mkutano wenyewe ulikuwa umeanza tangu mwanzo wa juma, kwenye uwanja ulio nyuma ya mgomba wa mwisho wa Tharsisi. Mhubiri aliitwa Godson, kijana wa Moshi aliyepangiwa kazi ya uinjilisti Kasulu. Alikuja na jenereta, vipaza sauti viwili na mafua. Kila jioni alihubiri moto. Alieleza ukali wake, na giza lake ijapokuwa ni moto, na namna usivyozimika. Alikuwa na sauti nzuri, na mafua yalimfanya asikike kama mtu anayelia, jambo lililoongeza uzito. Watu wengi walinyoosha mikono.

Tharsisi hakunyoosha. Alisikilizia nyumbani, maana vipaza sauti vilielekea kwake moja kwa moja. Si kwamba hakuamini. Aliamini moto upo, na Mungu yupo, na yeye mwenyewe si mtu mwema sana. Lakini kila Pelagia alipomwambia, "Baba Claude, utachelewa kuokoka," alijibu jibu lilelile.

"Mimi nimekimbia mara moja maishani. Inatosha. Kwa Mungu nitakwenda kama mgeni, siyo kama mkimbizi."

Pelagia alijua jibu hilo limetoka wapi. Mwaka wa sabini na mbili, wakiwa maarusi, walitoka Burundi pamoja na watu wengi, na katika kukimbia wakapotezana. Tharsisi alifika Nyabibuye, upande huu wa mpaka, peke yake. Walimpa maharage, akayashika mkononi bila kuyala. Alikaa kando ya njia akiangalia kila uso uliokuja, na kila uso ulikuwa wa mtu mwingine. Baadaye sana aliwahi kumwambia mkewe kwamba njaa ni kitu kidogo na woga ni kitu kidogo. Kufika mahali usimkute wa kukupokea, hicho ndicho kitu. Kisha jioni moja Pelagia akatokea, miguu imevimba, kigoda kichwani. Hakuokoa kitu kingine chochote. Alisema alijua mumewe atakuwa amechoka kukaa chini.

Kigoda kile bado kipo, na uraia wa Tanzania wameupata, na mtoto wao Claude ana duka la vifaa vya baiskeli Kasulu. Lakini Pelagia alikuwa na dukuduku lake. Aliogopa kwamba siku moja atafika mbinguni, atakaa kando ya njia, ataangalia kila uso. Ndiyo sababu akaazima shimo. Alifikiri mzee akiiona jehanamu uani kwake, atashtuka kidogo tu, kiasi cha kutosha.

Mchana walikuja wote. Mbingu waliijenga kwa madawati ya shule, wakayafunika mashuka meupe. Igizo lilikuwa la tajiri mchoyo na maskini wa mlangoni kwake: wote wanakufa, maskini anapandishwa juu ya madawati, tajiri anashushwa shimoni, naye anatakiwa alie sana aombe maji. Mzee Bazilio, jirani wa Tharsisi na mvundikaji mwenzake, aliketi mbinguni kama mzee wa mbinguni, kwa kuwa alikuwa na mvi. Pelagia na Loyce wa kwaya walikuwa malaika, wamevaa majoho na mabawa ya boksi. Moshi ungetoka kwenye majani mabichi yaliyochomwa kando ya shimo, upande wa upepo. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa tajiri.

"Nani atashuka?" aliuliza Godson.

Kwaya iliangalia chini.

"Mimi nimeokoka tangu darasa la tano," alisema Loyce. "Shangazi zangu watakuja. Wakinikuta motoni nitawaeleza nini?"

"Ningeshuka," alisema Bazilio kutoka mbinguni, "lakini magoti."

Halafu, polepole, kama kuku wanaogeukia mahindi, wote waligeuka kumtazama Tharsisi, aliyekuwa amesimama mlangoni anakula muhogo.

"Msiniangalie hivyo," alisema Tharsisi.

"Mzee wangu," alisema Godson kwa heshima, "wewe una sifa zote."

Tharsisi alimtazama mkewe. Bawa moja lilikuwa limeinama, na macho alikuwa ameyafumba, anasali. Akaona ni afadhali ashuke kuliko kusubiri kuambiwa anachoombewa.

Tatizo lililobaki lilikuwa mavazi, kwa maana hakuna mtu wa Kitahana aliyekuwa na nguo ya mchoyo. Mwalimu Abdulrahmani, aliyetoka Tanga kufundisha hesabu na ndiye aliyekuja kuangalia madawati yasivunjwe, alikuwa amevaa koti la suti kwa ajili ya baridi. Walimwomba. Alilivua taratibu.

"Mimi Mwislamu nimekaa zangu," alisema, "na koti langu linatangulia motoni. Lirudi, mzee. Nililinunulia harusi ya dada."

Tharsisi hakuwahi kuvaa suti maisha yake yote. Lilimkaa vizuri, akajiona kama marehemu mwenye uwezo. Waliteremsha ngazi, akashuka nayo, wakaiondoa wasije watu wakaona kwamba jehanamu ina ngazi.

Sasa, Kitahana mwezi wa saba si mahali pa mchezo. Upepo hushuka vilimani umenoa meno, na watu husalimiana mikono imo kwapani. Juu, mbingu ilitetemeka. Bazilio alikaa akiwa na shuka moja tu, pua imebadilika rangi. Chini, kuta zilikuwa bado na joto la asubuhi, joto zuri la mkate, na majani ya mgomba yalikuwa laini, na upepo ulipita mbali kabisa juu ya kichwa. Tharsisi alikaa. Kisha akaegemea. Mgongo wake, uliomsumbua tangu masika, ukaacha kusumbua. Aliwaza kwamba tajiri lazima alie, akajiambia atalia akiitwa. Akavuta majani machache, akajifunika miguu. Akavuta mengine, akajifunika kifua.

Yaliyotokea wakati huo juu alisimuliwa baadaye, na kila mtu alimsimulia kwa namna yake. Wanakubaliana kwamba uwanja ulijaa. Moshi ulitoka vizuri na akina mama kadhaa walianza kulia mapema. Godson alishika kipaza sauti.

"Sikilizeni," alisema, "sikilizeni kilio cha tajiri."

Walisikiliza. Jenereta lilinguruma. Godson alisogea ukingoni.

"Ewe tajiri. Unaona nini huko uliko?"

Kutoka motoni ulipanda mkoromo. Haukuwa mkoromo wa maumivu. Ulikuwa mrefu, wa mtu aliyeshiba, na mwishoni ulikuwa na mluzi mdogo. Godson, kwa bahati mbaya, alikuwa amekielekeza kipaza sauti shimoni, na mkoromo ule ulifika barabara ya Kibondo.

Kucheka kulianzia kwa watoto. Kukapita kwa vijana, kukafika kwa wazee wa kanisa, ambao walijitahidi. Mwanamke mmoja aliyejifunika kanga mbili kwa baridi alisema kwa sauti, "Kama ndiyo huko, basi mimi mnishushe." Godson aliona mkutano unamponyoka. Alitangaza kwamba tajiri ameikubali hukumu yake, akaiambia kwaya iimbe, na akawaita wenye kutaka maombezi wasogee upande wa madawati. Watu wakahamia kule. Shimo likabaki peke yake.

Hapo ndipo Bazilio alipoteremka mbinguni kwenda kwake kuchukua sweta. Njia ilipita kando ya shimo.

Kule Kitahana mtu akikuta shimo limepashwa moto na limeachwa wazi, hulifunika. Haulizi la nani. Joto la mwenzako likipotea ni kuni zake zimepotea, na kulipita ni sawa na kumpita mbuzi wa jirani ndani ya mahindi. Bazilio alikuwa amefanya kazi hiyo tangu ujana. Alichungulia, akaona majani tu, maana Tharsisi alikuwa chini yake. Kichwa cha Bazilio kilikuwa kwenye sweta. Mikono yake ndiyo iliyoona shimo. Ikalaza fito, ikatandaza majani, ikalimwagia udongo majembe machache. Akaenda zake akiwa na amani ya mtu aliyetenda wema.

Udongo ndio uliomwamsha Tharsisi.

Alifungua macho, akakuta giza. Akayafunga, akafungua tena, giza likawa lilelile. Juu yake udongo ulikuwa ukianguka, pu, pu, na chembe zake zilimdondokea usoni. Mbali sana, watu waliimba wimbo wa polepole, kwa huzuni. Tharsisi alijipapasa. Alikuwa amevaa suti.

Alilala kimya, akalifikiria jambo hilo. Yeye hana suti. Mtu asiye na suti huvalishwa suti siku moja tu.

"Basi," alisema polepole. "Yamekuwa."

Hakuwa na hasira. Kitu cha kwanza kilichomjia ni kwamba hakuna aliyemwambia anaumwa. Cha pili ni ndizi zake, nani atazivundika. Kisha akahisi joto, akasikia harufu ya moshi. Joto. Giza ijapokuwa ni moto. Yule kijana wa mafua alikuwa amesema kweli tupu.

Akaketi. Alingoja aje wa kumpokea. Hata pabaya, aliwaza, pana mwenye kupokea wageni. Hata Nyabibuye alikuwapo bwana mmoja wa maharage. Hakuja mtu. Adabu ikamshinda.

"Hodi," alisema.

Kimya.

"Hodi wenyewe. Ni Tharsisi. Wa Kitahana."

Hakuna aliyesema karibu. Na hapo, mzee yule ambaye hakuwa ameogopa moto wiki nzima, akaogopa. Alijiona tena kando ya njia, maharage mkononi, akiangalia nyuso. Ila sasa hapakuwa na nyuso za kuangalia. Mdomo ukafunguka wenyewe, kama ulivyofunguka wakati ule.

"Pelagia," aliita kwa sauti kubwa. "Pelagia, upo?"

Kisha akashika mdomo kwa mikono yote miwili. Aliita tena, sauti imebadilika.

"Kama upo huku, usiitike. Sikia, Mama Claude? Usiitike. Mungu, asiwepo huku. Mimi sawa. Yeye asiwepo."

Huko juu wimbo ulikatika. Loyce alikuwa wa kwanza kuona kwamba ardhi inaongea. Hakupiga kelele, alikaa chini palepale na mabawa yake, akasema, "Yesu, nakuja." Watu wa maombezi walitawanyika, wengine wakaomba wakiwa wanakimbia. Mwalimu Abdulrahmani alisema, "Koti," akashika kichwa.

Pelagia alisikia jina lake. Alisikia na yaliyofuata. Aliruka kutoka mbinguni, joho amelishika juu ya magoti, akakata uwanja kama msichana.

"Mama, malaika havuki," alisema Godson kwenye kipaza sauti, kwa mazoea. "Mama, kuna utengano."

Mama hakugeuka. Alifika, akakanyaga katikati, na fito za Bazilio hazikuwekwa kwa ajili ya uzito wa malaika.

Tharsisi aliona mbingu imepasuka. Mwanga ukamwagika, na katikati ya mwanga, mtu mwenye joho jeupe na bawa moja akashuka juu yake kwa kishindo, na udongo, na majani.

"Mpore, Baba Claude, mpore," alisema malaika, kwa Kirundi cha kumbembeleza mtoto. Halafu, "Sogea, umenikalia bawa."

"Mama Claude. Na wewe umekufa?"

"Sijafa. Nimeanguka."

"Umefanya kosa gani wakulete huku?"

"Hakuna aliyenileta. Nimekuja kukuchukua."

Tharsisi alilifikiria hilo. "Inaruhusiwa?"

"Sijauliza," alisema Pelagia.

Alimshika mkono. Wakakaa hivyo katika majani, wazee wawili, mpaka kichwa cha Godson kikatokea juu, kipaza sauti kimening'inia, pua inachuruzika. Tharsisi alimtazama, akatazama kuta, akaona alama ya jembe lake mwenyewe ukutani. Akajua yuko wapi. Angeweza kucheka, lakini hakuwa tayari.

"Kijana," alisema, "katika hayo Maandiko yako. Yupo aliyewahi kushuka?"

Godson alijifuta pua. Alianza kukiinua kipaza sauti, akakiweka chini. "Yupo, mzee. Ndiye huyo tunayemhubiri."

"Alishuka mwenyewe? Mpaka kwa waliokufa?"

"Mwenyewe. Alikufa, akashuka, akafufuka. Kwa ajili ya waliokwama."

"Na wewe wiki nzima unatutisha na moto, na habari hiyo unayo?"

"Hiyo," alisema Godson, "niliiweka ya Jumapili."

Pelagia alikohoa. Tharsisi alikuwa akikumbuka sura ya mtu anayekuja njiani na kigoda kichwani. Siku ile hakutishwa na mtu yeyote ndipo ainuke. Alimwona, akainuka.

"Niombee," alisema.

"Ngoja tulete ngazi, mzee, upande."

"Omba nikiwa humuhumu. Nikitoka nitaanza kubishana."

Kwa hiyo Godson alipiga magoti ukingoni, akaomba bila kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo walio nyuma hawakusikia kitu. Tharsisi alirudia maneno. Pelagia alifumba macho kwa mazoea, kisha akayafumbua, maana alitaka kuona. Ngazi haikupatikana, watu waliokimbia walikuwa wamekimbia nayo. Loyce alileta kigoda kutoka ndani, wakakiteremsha, Tharsisi akakikanyaga, wakamvuta kwa mikono. Akageuka, akamvuta mkewe.

Mwalimu Abdulrahmani alilipokea koti lake, akaligeuza. Mgongoni palikuwa na utomvu wa mgomba, mpana kama ramani.

"Huu hautoki," alisema.

"Hautoki," alikubali Tharsisi, kwa kuwa alikuwa ameokoka na hakutaka kuanza na uongo. Alimpa mkungu mkubwa wa ndizi, na mwalimu akaubeba begani, palepale penye utomvu, kwa sababu kulikuwa hakuna tena cha kulinda.

Tharsisi alibatizwa mtoni wiki iliyofuata, maji yakiwa baridi ya kuuma mifupa. Alipoibuka, meno yakigongana, Godson alimuuliza kama ana neno la kuwashuhudia ndugu. Tharsisi alisema lipo: angependa kurudi shimoni kidogo apate joto. Wazee wa kanisa waliamua kutoliandika.

Kazi yake anaendelea nayo. Mutobe wake ni ule ule, na wanaochelewa bado wanachelewa, na Pelagia sasa huombea mambo mengine. Kuna kitu kimoja tu kilichobadilika pale Kitahana, na wageni hukishangaa. Jioni, kabla mtu hajatandaza majani juu ya shimo, lake au la jirani, huinama ukingoni na kupiga hodi. Bazilio hupiga mara mbili. Kisha husubiri kidogo, kichwa upande, kusikia kama kuna mtu.